Gego la Sajini

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Kisauti alibeba ndoo ya chakula cha mbwa hadi uani. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo mno. Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba mtoto huyu akitumwa chumvi hurudi na sabuni, kwa vile mwenye duka hamsikii. Wageni walicheka, na Kisauti, ambaye sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, aliinamisha kichwa.

Baba alikuwa mfunza mbwa wa ulinzi. Wenye maghala na viwanda walimfuata wakitaka mbwa wa kuwatisha wezi, na kwa kweli mbwa hao waliwapata. Mbwa wake mwenyewe aliwapa vyeo: Kuruta, Koplo, na mkubwa wao, jibwa jeusi lenye kifua kipana, Sajini. Majirani nao wakampa yeye cheo cha Kamanda, akakipokea meno nje.

Mafunzo yake yalikuwa ya vita. Alivaa koti zito la turubai, akashika bomba la chuma lililofungwa gunia, akapayuka, "Kamata!" Mbwa aliruka, akalishika bomba kwa meno, akaning'inia nalo akitikisa kichwa mpaka aambiwe aache. Asiyeshika vizuri alichapwa. Aliyeachia mapema alichapwa zaidi. Kazi ya kufunga gunia ilikuwa ya Kisauti, na agizo lilikuwa moja tu: likichakaa, afunge jipya, kwa mikunjo mingi na kamba imara.

Jumamosi moja wenzake walikuwa langoni na kamba ya kuruka, wanamwita. Gunia lilikuwa limechanika, limebaki nyuzi nyuzi. Kisauti alilizungusha hivyo hivyo, akapiga fundo moja la haraka haraka.

"Umefunga jipya?" Baba aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

Sajini aliruka kwa nguvu zake zote. Gunia likateleza, na mataya yakafunga kwenye chuma kitupu. Kitu kilisikika kikikatika, kisha mbwa akatoa mlio mwembamba ambao Kisauti hakuwahi kuusikia kwake. Baba alikuwa katikati ya makelele yake, hakusikia chochote. Alimchapa Sajini kwa kuachia bomba, akamrudisha kibandani.

Jioni, akifagia ua, Kisauti aliokota kipande cha jino chenye damu, ukubwa wake kama punje ya mahindi. Alijua ni cha nani, na alijua kimevunjikaje. Akakitia kwenye kiberiti kitupu na kukificha chini ya godoro lake. Alijiambia kwamba meno ya mbwa ni mengi, moja halitamwangusha.

Lakini Sajini alianza kubadilika. Alitafuna kwa upande mmoja, kichwa kimeinama, na vipande vikamdondoka. Maji katika bakuli lake yalikuwa na utando wa damu, na mdomo wake ulitoa harufu ya kitu kilichooza. Kila asubuhi alibakisha chakula, na kila asubuhi Kisauti alimmwagia Koplo mabaki hayo kabla Baba hajatoka nje.

"Sajini amekula?"

"Amemaliza, Baba."

Wakati huo ndipo daktari wa mifugo alipofika kuwachanja mbwa chanjo ya kichaa. Alisimama mbali kidogo na Sajini, akamwangalia anavyodondosha mate, akamwomba Baba ampeleke kliniki akaguliwe meno.

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, hawa kazi yao ni kuuma, si kutabasamu."

Kisauti alikuwa hapo hapo, ndoo mkononi. Angesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Hakusema.

Siku moja Koplo hakusubiri kumwagiwa. Alitia pua kwenye bakuli la Sajini, na Sajini akamrukia. Walibiringishana mpaka ukutani, manyoya yakiruka, wakishikana makoo. Sikio la Koplo likachanika vipande viwili na damu ikatapakaa kwenye chokaa. Baba aliwatenganisha kwa bomba, akiwapiga mbavuni huyu na huyu, na alipomaliza alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja.

"Umeona?" alimwambia Mama aliyetoka jikoni na mwiko mkononi. "Sasa ameiva. Huyu ndiye mbwa."

"Mimi naona mgonjwa," Mama akasema. "Hata chini ya jicho pamevimba."

"Amevimba kwa hasira. Mwache hivyo hivyo."

Kwa hiyo Sajini alizidi kufunzwa, akazidi kuchapwa, na kadiri alivyozidi kuwa mkali ndivyo Kamanda alivyozidi kumsifu. Kisauti alikosa usingizi. Kiberiti kile chini ya godoro kilimchoma kuliko kama kingekuwa na njiti zinazowaka.

Jumapili asubuhi, Kitinda alitoka kwenda uani na kipande cha mkate. Huyu alikuwa mdogo wake Kisauti, kitindamimba wa nyumba ile, mwenye miaka sita. Tangu alipoanza kutembea, salamu yake kwa Sajini ilikuwa moja: kumshika mashavu mawili na kumgusa pua kwa pua.

"Usimshike," Kisauti alisema, lakini sauti yake iliishia midomoni kama kawaida.

Kitinda akamshika mashavu.

Sajini hakubweka wala hakunguruma. Aliukamata mkono wa mtoto juu ya kiwiko, akamwangusha na kumburuta kuelekea kibandani. Kitinda alipiga ukelele uliowatoa watu nyumba tatu. Mama alifika mbio, akamkumbatia mwanawe kiunoni, akavuta. Baba alifika na bomba. Pigo la kwanza lilitua mgongoni kwa mbwa, la pili shingoni, na la tatu ndilo lililomfanya aachie.

Mama alimbeba Kitinda hadi kwenye bomba la maji, akafungulia, akaanza kuuosha mkono kwa sabuni huku damu ikichuruzika miguuni pake. Huku nyuma majirani walikuwa wameingia na mawe na fimbo. Fundi wa kuchomelea, anayepakana nao ukuta, alikuja na nondo.

"Kamanda, huyo mmalize," alisema. "Mbwa akishamng'ata mtoto hana maisha tena."

"Najua," Baba akajibu. Alikuwa analia waziwazi, maana ndiye aliyemlea Sajini tangu hajafumbua macho. Lakini bomba aliliinua.

Sajini alikuwa amejibana kwenye kona, kati ya kibanda na ukuta. Jiwe lilimpata kichwani. Jingine likampata mguuni, akayumba. Aliwaonyesha meno wote, huku usaha na damu vikimtoka mdomoni.

Kisauti alikimbilia ndani, akainua godoro, akatoka mbio. Alipenya katikati ya miguu ya watu wazima, akapita chini ya mkono wa baba yake, akasimama mbele ya mbwa.

"Baba, usimpige!"

Mtaa mzima ulimsikia. Lakini bomba lilikuwa limeshaanza kushuka, na Baba hakuweza kulizuia kabisa. Lilimpata Kisauti kwenye mkono. Akaanguka kwa magoti, uso umekunjamana, kiberiti bado kimo kiganjani. Nyuma yake Sajini alinguruma, lakini hakumgusa.

Mawe yakabaki mikononi mwa watu.

"Jino lake limevunjika," Kisauti alisema, akilia. "Ni mimi. Siku ile sikufunga gunia jipya, nikakudanganya. Akang'ata chuma. Na chakula hamalizi, huwa nampa Koplo. Yeye si mkali, Baba. Anaumwa."

Baba alikifungua kiberiti. Alikitazama kile kipande kwa muda, kisha akautazama mkono wa binti yake uliokuwa unavimba mbele ya macho yake. Bomba likamtoka, likagonga sakafu.

Fundi wa kuchomelea alijishika shavu lake mwenyewe. "Gego langu liliponishika, nilimrushia shemeji yangu nyundo," alisema polepole. "Tena shemeji ninayempenda." Akaishusha nondo yake.

Mama alimpeleka Kitinda hospitali. Huko jeraha lilioshwa tena na mtoto akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, kwa sababu jeraha la mbwa, hata aliyechanjwa, halipuuzwi. Baba alimfunika Sajini kichwa kwa koti la turubai, akamfunga kamba, akambeba hadi kliniki ya mifugo. Kisauti alifuata nyuma, mkono ameufunga kwa kitambaa.

Daktari hakupoteza muda kwa maneno. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kucha na meno toka vidoleni hadi viwikoni, na kovu jipya kabisa lilikuwa la paka mmoja aliyelala kwenye kizimba, aliyetoka kung'olewa meno mawili yaliyooza. Alimchoma Sajini dawa ya usingizi. Jibwa lile lililotaka kuua watu likalegea mezani, ulimi nje.

"Njooni muone," daktari alisema.

Aliinua mdomo wa juu. Gego kubwa lilikuwa limepasuka ubavu mzima, na fizi iliyolizunguka ilikuwa nyeusi. Alipoichana kidogo, usaha uliruka hadi kwenye aproni yake. Baba, Kamanda mwenyewe, ilibidi ashike ukuta. Gego hilo lina mizizi mitatu, kwa hiyo daktari alilikata kwanza kwa mashine iliyolia kwa mlio mkali, kisha akang'oa kipande kimoja kimoja kwa koleo, akikaza misuli mpaka jasho likamtoka. Baadaye alikwangua ukoga wa manjano uliojengeka kwenye meno mengine, akashona fizi.

"Mnyama haji kukwambia jino linamuuma," alisema akinawa mikono. "Paka hujificha chini ya kitanda akasusa chakula. Mbwa huvumilia, na uvumilivu ukimwishia anauma, halafu mnasema ameiva. Mleteni kila mwaka nimkague. Mpigeni mswaki kwa dawa ya meno ya wanyama, si ya watu. Na chuma asing'ate tena. Kwa sasa afungiwe peke yake, nitakuja kumwangalia kila siku mpaka nijiridhishe hana kichaa."

Jioni Kitinda alirudi na bendeji hadi begani. Mkono wa Kisauti haukuvunjika, ila ulikuwa mweusi. Baba alikaa naye kwenye ngazi ya mlango.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alianza. "Ulipokificha kipande kile ulificha maumivu ya kiumbe asiyeweza kujisemea, na mdogo wako ndiye aliyelipa. Hilo usilisahau. Ukikosea, niambie siku ile ile, hata kama unajua nitafoka."

"Nimekosa, Baba."

"Nami nina langu. Maumivu niliyaita ukali, nikayachapa. Tena nimekuchekea sauti yako mbele ya watu miaka yote hii. Mtoto anayechekwa kila akisema, hujifunza kunyamaza. Bomba nimempa fundi alichomelee kwenye lango. Hapa hakuna atakayepigwa nalo tena, mbwa wala mtu."

Daktari alipojiridhisha, Sajini aliruhusiwa kutoka kizuizini. Asubuhi hiyo Kisauti alimwekea chakula laini. Kitinda alichungulia kutoka mlangoni, bado anaogopa, na Baba alikuwa anafagia karibu na lango.

"Amekula?" Baba aliuliza.

Kisauti alitazama bakuli. Kidogo kilikuwa kimebaki.

"Amebakisha, Baba," alijibu, kwa sauti ambayo hata mwenye duka angeisikia.

Baba akaegemeza ufagio ukutani, akaja kumtazama mbwa mdomoni.