Kona ya Shuka

Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, msumari ulikuwa ukutani lakini picha haikuwepo.

Balozi alisimama mlangoni mwa chumba namba kumi na nne, mkoba ungali begani, akautazama ule msumari. Jina la Balozi alipewa bwenini kwa sababu baba yake alikuwa balozi kweli, na kwa sababu hakuwahi kufua hata leso. Picha aliitundika jana yake jioni, juu ya kitanda chake, ikiwa kwenye fremu ya fedha aliyorithi kwa bibi. Hakupiga kelele. Aliteremka ngazi akaenda kumwita Mama Funguo.

Mama Funguo alikuwa mlezi wa bweni lile la wasichana kwa miaka ishirini na miwili, na pete yake ya funguo ilisikika kabla yeye hajaonekana. Kabla ya hapo alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, chini ya sista mmoja mkali ambaye hadi leo akimkumbuka hunyoosha mgongo. Alikuwa mtu wa maneno machache asubuhi na mengi baada ya chai. Siku hiyo chai alikuwa bado.

Alianza na vitanda, maana ndivyo alivyozoea kumsoma mtu. Kitanda cha Ndoo, mmoja wa wasichana wawili waliolala na Balozi chumba hicho, kilikuwa kitupu, shuka na blanketi vimekunjwa mraba na kuwekwa kichwani. Ndivyo walivyofanya kwao, ambako chumba walicholala usiku ndicho walichokalia mchana. Cha Bosi, mwenzao wa tatu, kilikuwa vurugu mechi, shuka nusu sakafuni. Bosi hakuchoka kuwaambia wenzake kwamba kwao kutandika ni kazi ya watu wengine, kwa kuwa mama yake alikuwa msimamizi wa ile hoteli kubwa ya mjini. Cha Balozi, chini ya msumari, kilikuwa kimetandikwa.

Msumari ulikuwa juu. Aliyetaka kuufikia ilibidi apande kitandani. Mama Funguo akajaribu kuchomeka vidole chini ya godoro, ikabidi avute kwa nguvu. Alipoigeuza shuka, upande wa chini akakuta alama ya vumbi, soli nzima ya kiatu. Akairudisha shuka mahali pake.

"Asubuhi uliondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa mbili kasoro, Mama. Nilichelewa kama kawaida. Hata kuchana nywele nimechania njiani."

"Na picha ilikuwa ya nini?"

Balozi akautazama tena msumari. "Ya zamani. Nilitaka kuwasimulia Jumamosi, wazazi wakija kututembelea. Babu yangu naye anakuja. Mama, fremu sina shida nayo. Picha ndiyo hiyo hiyo moja."

Saa tano na nusu mshauri wa wanafunzi aliingia ofisini kwa Mama Funguo bila kubisha hodi. Alikuwa mwalimu mwenye haraka, aliyeamini kwamba kila jambo lina karatasi yake.

"Daftari la ufunguo linasemaje?"

Chumba kilikuwa na ufunguo mmoja, na kila aliyeuchukua mezani kwa Mama Funguo alitia saini. Balozi aliurudisha saa mbili kasoro. Ndoo aliuchukua saa nne na dakika kumi, akaurudisha saa tano kasoro kumi. Kisha Balozi tena, saa tano na robo. Hakuna mwingine.

"Basi kesi imekwisha," mshauri akasema. "Yule wa ufadhili. Fremu ya fedha, Mama, fikiria mwenyewe. Saa nane nakaa nao. Mwizi halali kwenye bweni langu hata siku moja."

"Mwalimu, kwao ni safari ya siku mbili. Ukimnyima kitanda umemnyima chuo."

"Angefikiria hilo mapema."

"Nipe hadi hiyo saa nane," Mama Funguo alisema. Mshauri akatazama saa yake, akaondoka.

Ndoo aliitwa. Jina hilo lilimganda kwa sababu hakupenda bomba la mvua la bwenini. Aliona linamwaga maji ovyo, naye alitoka mahali ambapo maji hupimwa kwa kata. Kwa hiyo alioga kwa ndoo na kikombe, na wenzake wakacheka, na yeye akacheka nao ili yaishe.

"Nilirudi kuoga, Mama, kipindi cha pili hakikuwepo. Nimekwenda na ndoo yangu saa nne na nusu."

"Mlango?"

Ndoo akainamisha kichwa. "Niliurudishia tu. Mikono ilikuwa na ndoo na sabuni. Ni dakika kumi."

"Uliporudi, picha ilikuwepo?"

"Sikuangalia juu. Nilikuwa navaa." Akainua kichwa. "Mama, nikirudishwa, baba hataniuliza kama nimeiba. Ataniamini. Ila majirani wote walikuja kuniaga. Nitapita vipi mbele yao?"

 Mama Funguo alimmiminia chai, ile ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameinywa.

Saa sita kamili alimkuta fundi umeme ghorofa ya pili, hatua chache kutoka chumba namba kumi na nne, juu ya ngazi yake, akibadilisha taa za ukumbi tangu saa nne. Wasichana wawili watatu walikwishaanza kumnyooshea kidole.

"Mama, usinianze," fundi alisema kabla hajaulizwa. "Najua kitu kikipotea ni fundi. Miaka kumi na mitano ni fundi tu."

"Sijakuuliza. Ulimwona Ndoo?"

"Na ndoo yake, saa nne na nusu. Tukasalimiana. Kisha nikashuka chini kuzima umeme, nikakaa kama robo saa. Hapo katikati sijui nani kapita." Akagonga chuma cha ngazi. "Na mimi nikitaka kufika juu, napanda hii. Siwezi kukanyaga kitanda cha mtoto wa watu."

"Nani kakwambia kuna kitanda kimekanyagwa?"

"Wewe. Tangu umefika unaangalia viatu vyangu."

Mama Funguo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Fundi akatolewa kwenye orodha. Vilevile mtu mwenye ngazi asingehitaji kutandika kitanda cha watu.

Bosi alipatikana saa saba chini ya kivuli cha maktaba, miwani ya jua kichwani.

"Nilikuwa hapa tangu saa tatu, Mama. Kwa kweli namhurumia Ndoo. Mtu akikosa kitu, vishawishi ni vingi."

"Ulikwishaiona hiyo picha?"

"Jana jioni, kwa mbali. Sikuitilia maanani."

"Haya. Saa nane kasoro robo njooni wote watatu chumba cha wageni. Kuna vitanda vya wazazi, na mkono wangu mmoja unauma."

Mikono yote miwili ya Mama Funguo ilikuwa mizima kabisa.

Chumba cha wageni kilikuwa na vitanda vitatu na shuka nyeupe zilizotoka kufuliwa. Mshauri alisimama mlangoni akitazama saa. Mama Funguo akamwomba avumilie.

Ndoo alitandaza shuka taratibu, akailainisha kwa viganja, akaacha pembe zikining'inia sawasawa pande zote. Balozi alirusha blanketi juu ya kila kitu, akasimama akitoka jasho. Bosi alishika shuka kwa vidole viwili.

"Mimi haya siyajui, Mama."

"Jaribu tu. Hebu niambie, mama yako anakuja Jumamosi?"

"Sijui. Labda." Bosi aliitupa shuka ikaanguka upande.

"Ni mbali hotelini hadi hapa?"

"Mabasi mawili." Akajirekebisha haraka. "Akikosa gari, namaanisha. Wakati mwingine dereva anakuwa na shughuli."

"Na kazi yake inamchosha? Mtu wa kusimama kutwa, miguu huvimba."

"Inavimba sana," Bosi akasema, na sauti ikabadilika. "Usiku anaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Namwambia aombe likizo, hataki, anasema wakipata mwingine..."

Wakati akisema hayo aliikung'uta shuka mara moja. Ikajaa hewa, ikatua katikati ya godoro bila kukosea hata kidole. Akainua pembe, akaikunja mshazari, akachomeka sehemu ya chini, akashusha ya juu, akavuta. Kisha upande wa pili. Macho yake yalikuwa dirishani. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Balozi ndiye aliyetazama kwanza kile kitanda, kisha akamtazama Mama Funguo.

"Kona hii," Mama Funguo akasema polepole, "hujifunzi nyumbani. Unafundishwa kazini. Mimi nilifundishwa wodini, miezi mitatu, na nilipigwa rula. Mwalimu, leo asubuhi kitanda cha Balozi kilikuwa na kona nne kama hizi, na Balozi kachelewa darasani, hata nywele kazichania njiani. Aliyeitoa picha alipanda kitandani na viatu, akaacha alama, akaigeuza shuka ili isionekane. Angeweza kuishia hapo. Lakini mikono iliyozoea haiwezi kuacha shuka ikiwa imelegea."

Bosi aliitazama ile kona. Akakaa juu yake.

"Nimefanya kazi na mama likizo zote," alisema. "Tangu nina miaka kumi na mitatu. Ghorofa nzima, vyumba kumi na sita. Mama yangu si msimamizi. Anatandika vitanda."

"Na picha?" mshauri aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Yumo ndani. Na sare ya hoteli. Jana jioni nilipomwona ukutani nilitaka kuzimia. Jumamosi angekuja, nimemwambia avae vizuri, na wote wangemjua. Niliona mlango uko wazi, Ndoo kaenda kuoga." Akafuta uso. "Nilitaka kuichana. Nimeshindwa kumchana mama yangu. Iko kwenye foronya yangu, na fremu yake."

Ndoo alikuwa amesimama karibu na ukuta. "Ulikuwa unaniacha nifukuzwe."

"Ndiyo," Bosi akasema. "Nisamehe."

Hakuna aliyemsaidia, na ilikuwa haki yake asisaidiwe. Kisha Balozi akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Yule mwanamke wa pichani aliyelowa ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Na yule mtoto aliyefungwa shuka unamjua? Ni mimi. Nilikuwa na miaka mitano. Nilitumbukia kwenye bwawa la hoteli, watu wazima wanakula. Alikimbia kutoka ghorofani akaruka na sare na viatu. Babu alipiga hiyo picha, akarudi hotelini mara tatu kumtafuta amshukuru. Wakamwambia hakuna mtu kama huyo."

Bosi alivuta pembe ya shuka aliyoikalia. "Walimshusha chini, kwenye kufulia, mwaka mzima. Kwa kuacha ghorofa yake bila ruhusa. Sisi alituambia bomba limepasuka, ndiyo maana karudi kalowa."

Mshauri alivua miwani, akamgeukia Ndoo. Alisema, "Nimekukosea, mwanangu," na akarudia, maana mara ya kwanza haikutoka vizuri. Kisha akamwuliza anataka Bosi afanywe nini.

"Asifukuzwe," Ndoo akasema. "Najua safari ya kurudishwa nyumbani ilivyo ndefu moyoni. Lakini asimame leo jioni mbele ya bweni zima, aseme kwa mdomo wake kwamba si mimi."

Jioni ile Bosi alisimama, akasema yote, na la mama yake akaliweka mwanzo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mwanamke mwenye gauni la kuazima alifika mezani kwa Mama Funguo, akauliza chumba cha binti yake. Mama Funguo hakumpa ufunguo. Alimpeleka mwenyewe, na moyoni alishukuru kwamba yule sista mkali aliwahi kumpiga rula.

Chumbani picha ilikuwa imerudi msumarini. Bosi alimshika mama yake mkono, akasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu ni mama yangu. Anatandika vitanda hotelini." Ndoo akasogea, akamwamkia, akampisha kiti.

Mzee mmoja mwenye fimbo akainuka kutoka kitanda cha Balozi. Alikuwa ameandaa hotuba, Balozi, aliyekwenda kumpokea babu yake, aliisikia njia nzima garini.

"Mwanangu," akasema, "asante yako nimekaa nayo miaka kumi na mitano." Na hotuba ikaishia hapo.

Mwanamke aliangalia picha, akaangalia wote waliokuwa chumbani.

"Yule mtoto alikunywa maji mengi sana siku ile," akasema. "Hawakuniambia. Nimejiuliza miaka yote hii. Alipona?"

Balozi akaenda akamkumbatia.