Kivuli Kisicho na Jina

"Vuta pumzi. Shikilia," alisema Joakim, mpiga picha za eksirei.

Mahona akavuta, akashikilia, midomo kaifunga kabisa. Lakini mle chumbani ikasikika pumzi ya pili ikivutwa taratibu, kama ya mtu aliyechelewa kusikia. Joakim akaikodolea macho mashine yake. Siku hizi kila kitu husingiziwa mashine.

Ulikuwa mwaka wa korona. Mahona alianguka huko Kasoli akipima pamba, na mkewe Specioza akamleta hospitali Bariadi pamoja na mama mkwe wake, Milembe. Daktari Felisita aliinua picha dirishani, akawaonyesha weupe uliotanda sehemu ya chini ya mapafu.

"Kuna kivuli pande zote mbili," alisema. "Na damu inaonyesha mwili unapigana vikali. Tutampa oksijeni, halafu tutapima tena damu na kifua, tuone kama kinapanda au kinashuka."

"Kivuli cha nani?" Milembe akauliza.

Daktari alikuwa hajalala. Akacheka kidogo. "Hakina jina, mama."

Laiti angenyamaza! Kabla ya Mahona, Milembe alizaa mtoto wa kiume akafa hata jina hajapewa. Maisha yake yote aliamini kwamba mtoto yule bado anazunguka nje ya nyumba akisubiri kuitwa.

Picha ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kivuli kilikuwa kimekaribia mabega, na majibu ya damu hayakuonyesha nafuu. Hata hivyo Specioza alipomwinamia mumewe na kumsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba Sayi," Mahona alijikaza akajibu, "Mhola, mama Sayi." Tangu binti yao Sayi azaliwe hakuwahi kumwita vingine. Specioza alimwomba Mungu kitu kimoja tu, aendelee kuitwa hivyo.

Mchana ule wodi ilinuka udongo uliofukuliwa, na ile pumzi ya pili ikaanza tena, ikipanda Mahona aliposhusha na kushuka alipopandisha, ikizidi kukaribia mpaka Specioza akahisi ubaridi wake shingoni, na alipogeuka akamwona Milembe ameweka midomo juu ya kifua cha mwanawe.

"Mwanangu," Milembe alinong'ona, "kama ni jina unalotaka, chukua hili la Mahona. Mwache apumue."

"Mayu, unafanya nini?" Specioza akamuuliza mama mkwe.

"Sikuwa na lingine karibu."

Picha ya tatu ilitoka safi. Damu nayo safi. Daktari Felisita alipiga makofi, wauguzi wakaimba, na mgonjwa akatembea kwa miguu yake hadi kwenye gari.

Harufu ya udongo iliingia naye nyumbani.

"Mwadila, baba Sayi," Specioza alimsalimu.

Mwanamume yule akamtazama kama anayesoma kibao. "Specioza," alisema.

Sayi alikataa kupakatwa, akalia mpaka akapoteza sauti. Specioza akakimbilia jikoni, alikomkuta mama mkwe akipika michembe ya viazi vitamu.

"Mayu, huyu siye."

"Najua." Milembe alikuwa akilia, na huku anakoroga. "Lakini naye ni mwanangu. Huyu sijawahi kumlisha hata siku moja."

Specioza alitaka kumchukia, akashindwa. Alirudi chumbani, akaitoa ile picha ya pili kwenye bahasha ya hospitali, akaiinua dirishani kama daktari alivyofanya. Weupe ulikuwepo bado, na alipousogelea kwa hofu na hamu iliyokuwa ikimkata maini aliuona ukijaa na kupungua, ukijaa na kupungua, huku picha ikifanya ukungu kwa ndani pale palipotazamana na midomo yake.

"Mwadila, baba Sayi," alisema.

"Mhola, mama Sayi," ikajibu sauti aliyoipenda. "Ila huku hakuna hewa."