Picha Safi, Goti Bovu

Mwanvita analima mwani Mlingotini. Maji ya bahari yakitoka, huingia shambani na mama mkwe wake, Bimdogo. Huvuna, hufunga mbegu mpya kwenye kamba, kisha hurudi na viroba kichwani huku wakilalamikia bei.

Asubuhi moja mguu wake wa kulia ulizama kwenye tope. Kiroba kikamyumbisha. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Ndani ya goti kitu kikaalika. Kabla ya adhuhuri goti lilikuwa limefura.

Mumewe, Msabaha, alimpeleka hospitali. Alipigwa picha ya eksirei. Waliambiwa mfupa haujavunjika, wakapewa dawa ya maumivu.

Uvimbe ulipungua, lakini kila Mwanvita alipogeuka, goti liliachia. Alianguka jikoni, akaanguka uani. Bimdogo alisema anadeka. Bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali na mwani huvunwa, inakaribia, mwani umekomaa, ukiachwa utachukuliwa na mawimbi. Akamwita mkandaji aje alivute goti.

Mwanvita alilifunika goti kwa kanga.

"Halivutwi na mtu."

"Picha imesema u mzima," alisema Bimdogo. "Unabishana na picha?"

"Nabishana nayo, mama. Anayeanguka ni mimi, si picha."

Msabaha alimsihi anyamaze. Hakunyamaza. Alitaka kurudi hospitali, na Bimdogo aende naye akaone mwenyewe.

Safari hii walipokewa na Shufaa, mtaalamu wa fiziotherapia. Alimwamkia Bimdogo, kisha akaanza na maswali. Goti liligeukaje? Lilialika? Lilivimba upesi? Linaachia? Mwanvita alijibu yote.

"Eksirei huonesha mifupa," Shufaa alieleza. "Mfupa na mfupa hufungwa kwa kano, kama kamba ngumu. Kano ikikatika, eksirei haiioneshi. Lazima tuulize, tupime kwa mikono."

Alianza na goti zima, apate la kulinganishia. Alilikunja kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja, akavuta muundi, mfupa wa chini ya goti, mbele kwa mwingine. Muundi ulisogea kidogo, ukagota. Kwenye goti lililoumia, muundi uliteleza mbele bila kugota. Akalisukuma goti pembeni, huku na huku. Kano za pembeni zilikuwa imara.

Bimdogo aliinama. "Rudia," alisema.

Shufaa akarudia.

"Mbona siku ile hawakuona?"

"Goti likivimba, misuli hukaza, kipimo kikadanganya. Ndiyo maana uvimbe ukipungua mgonjwa apimwe tena. Na apimwe na aliyefunzwa, mama. Mkivuta nyumbani mtazidisha jeraha."

Kipimo cha MRI, ambacho huonesha kano, kilithibitisha: kano moja ya ndani ya goti ilikuwa imekatika. Mwanvita alianzishiwa mazoezi. Goti likiendelea kuachia, wangezungumzia upasuaji.

Bamvua ikafika. Wakulima wenzake wa mwani wakampitia.

"Siendi," alisema Mwanvita. "Na asiniambie mtu kwamba nadeka."

Bimdogo aliinuka. Alichukua viroba, akamtupia Msabaha.

"Kavune wewe."

"Mimi? Mwani ni kazi ya wanawake."

"Magoti unayo mawili. Nenda."

Alikwenda. Wavuvi walimcheka mpaka maji yakajaa, lakini mwani ulipona.

Mwanvita alifanya mazoezi miezi mingi. Shufaa alipompima tena, Mwanvita alipanda ngazi, akageuka, akasimama kwa mguu mmoja. Goti halikuachia. Sasa yuko shambani, anafunga mbegu. Viroba anabeba Msabaha, na hakuna aliyemwambia aache.