Bi Mize Atangaza Singo kwa Sauti

Kila asubuhi, hapo Gando, Pemba, Bi Mize hukaa barazani akisaga. Husaga karafuu, waridi kavu na maua ya mlangilangi, mtaa mzima ukanukia. Hiyo ndiyo singo. Biharusi husingwa nayo, yaani hupakwa na kufikichwa mwilini, kabla ya harusi, ngozi ikawa laini.

Zamani hapakuwa na harusi iliyompita Bi Mize. Siku hizi mabiharusi wengi wanakwenda mjini kununua krimu. Mwezi mzima aliuza vikopo viwili tu, na kimoja alikinunua mumewe, Mzee Himid!

"Cha nini kwako, mzee mzima wewe?"

"Najua mwenyewe," alijibu Himid.

Bi Mize alicheka, lakini moyo ulimuuma. Binti yao, Jawaher, alikuwa akimpigia simu kutoka Unguja. "Mama, kazi hiyo imekufa. Fungeni nyumba mje mkae na mimi."

Bi Mize hakutaka kabisa kuhama. Hata hivyo alimuahidi binti yake. Shaabani ni mwezi wa harusi. Ukiisha bila ya wateja, watahamia Unguja.

Siku moja alipita jirani yao, Nahla, mtangazaji wa redio ya jamii.

"Bi Mize, kwa nini hujitangazi mtandaoni?"

"Nitie picha yangu huko? Wacha we!"

"Si picha. Sauti tu. Unajirekodi kwa simu, unatuma kwenye magurupu ya WhatsApp. Na mimi nitaiweka kwenye ukurasa wetu wa redio mtandaoni. Mtu anaisikiliza wakati anaotaka, hata akiwa Maskati."

Bi Mize akajirekodi siku ile ile. Siku tatu zikapita, hakupiga mteja hata mmoja. Nahla akaisikiliza ile sauti.

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hamjambo nyote? Wazee hawajambo? Na watoto? Wagonjwa wanapata nafuu? Waliofiwa, Mungu awape subira..."

Dakika tatu nzima za salamu! Kwa nyuma majogoo wanawika. Singo ilitajwa mwishoni, na namba ya simu haikutajwa kabisa.

Nahla alicheka mpaka machozi. "Bi Mize, umeisalimia Pemba nzima!"

"Sasa nianze bila ya salamu? Si utovu wa adabu huo?"

"Salamu moja yatosha, bi. Halafu hapo hapo sema wewe nani, unauza nini, uko wapi. Mpe msikilizaji jambo moja la kumfaa. Namba itaje polepole, mara mbili. Yote isizidi dakika moja. Na rekodi ndani, mlango umefungwa."

Wakaingia chumbani. Bi Mize akaishika simu, akawa anaigeuza tu mkononi.

"Usiwafikirie watu wengi," alisema Nahla. "Zungumza na mmoja tu."

Mzee Himid akaja akakaa mbele ya mkewe. "Haya, zungumza na mimi. Mimi ndiye biharusi wako."

Bi Mize akacheka, na kicheko kikaingia kwenye simu. Kisha maneno yakaja yenyewe. "Assalaam alaykum. Mimi Bi Mize wa Gando, natengeneza singo ya karafuu na waridi. Usiisugue kwa nguvu, mwanangu. Irowanishe kwa maji ya waridi, ipake, kisha ifikiche taratibu. Kwanza ijaribu mkononi, usije ukawashwa." Akaitaja namba mara mbili.

Jioni ile watu watatu walipiga simu. Tangu hapo kila Alhamisi alituma sauti mpya, yenye jambo jipya. Shaabani ilipofika kati, singo ilikuwa ikienda Tumbe, Wete na Kengeja.

Siku moja ikaingia sauti kutoka kwa Jawaher.

"Mama, mwenzangu kazini anaolewa. Leo kanisikilizisha sauti ya bibi mmoja wa Pemba anayeeleza singo. Nikasikia unacheka! Mama, ukija huku kwangu hucheki hivyo. Nilikuwa nakuita kwa kukuonea huruma, kumbe ningekuondolea furaha yako. Baki Gando, mama yangu. Mwenzangu anataka vikopo vitatu, na mimi nitavifuata mwenyewe."

Bi Mize aliisikiliza mara mbili, machozi yakimtoka. Kisha akamwita mumewe aje wachambue waridi, maana mzigo wa Kengeja ulitakiwa kesho.