Sauti ya Wilmar

Kila asubuhi, wanafunzi wa shule ndogo nje ya mji wa Tacuarembó walitoa kompyuta kabatini, moja kwa watoto wawili. Nahir alitumia moja na Wilmar, mvulana mwenye kigugumizi.

Siku hiyo Mwalimu Zulma alitoka kufuata kuni za jiko, akamwachia Nahir kazi ya kuunganisha kompyuta yao na skrini kubwa. Nahir akaona rekodi yenye jina la Wilmar. Akaifungua, akaongeza sauti.

"M-m-mto... mto u-umefurika..."

Darasa likaangua kicheko.

"Hebu rudia, Nahir," akasema Elbio, mmoja wa wanafunzi.

Nahir akarudia. Wilmar akachukua mkoba wake, akapishana na mwalimu mlangoni, akaenda zake.

Mwalimu, aliyeisikia rekodi kutoka nje, akatua kuni. "Mimi ndiye niliyemwambia ajirekodi akisoma, ajisikilize, kisha arudie. Amefanya hivyo kila mapumziko, peke yake."

Uso ukamwaka Nahir. Hakuthubutu kuinua macho.

Kesho yake Wilmar hakuja. Nahir alikaa kando ya kiti kitupu. Jioni akamweleza baba yake.

"Mbona unaniambia mimi?" baba akauliza. "Twende kwao."

Walimkuta Wilmar zizini, akiwapa kondoo majani. Hakugeuka.

"Umekuja ku-kucheka tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Naona aibu hata kukutazama."

"Walicheka wote."

"Aliyefungua ni mimi. Kesho nitasema mbele ya darasa."

Wilmar akamwaga majani yaliyobaki. "Ulifungua ile rekodi ya kwanza," akasema hatimaye. "Ya m-mwisho ni nzuri."

Asubuhi alikuja. Nahir alisimama mbele ya wenzake, akakiri kosa lake. Kisha Wilmar akainuka, akasoma habari yake yote ya mto. Alikwama mara kadhaa, akavuta pumzi, akafika mwisho. Elbio alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Kompyuta hizi zipo ili mtu akosee bila hofu, kisha ajirekebishe," akasema Mwalimu Zulma. "Ukiyafanyia mzaha makosa ya mwenzako, unamfukuza darasani. Nahir, umemrudisha. Lakini usisahau ni nani aliyemtoa."

Nahir akaitikia kwa kichwa, akasogeza kompyuta upande wa Wilmar.