Abiria wa Injini ya Boti

Tulikwenda Ahero kuchukua mchele tu. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa tulipoanza kurudi, mume wangu Hiram akiendesha huku anapiga mluzi, na mimi kando yake na tumbo la miezi minane. Barabara ya Kano siku hizo ilikuwa na mashimo ya kumzalisha hata mwanamume.

Sikupaswa kuwa safarini. Lakini Hiram hajui kupatana bei, na mimi siwezi kukaa nyumbani nikijua mume wangu anaibiwa. Mimba zangu za nyuma zote zilikuwa zimetoka. Hii ndiyo iliyokubali kukaa, na mtoto alikuwa mchezaji kweli, akinipiga mateke chini ya ubavu wa kushoto asubuhi hadi jioni. Akiwa mvulana angeitwa Kinyua, jina la baba yake Hiram, kama ada yetu watu wa Nyeri inavyotaka. Mzee Kinyua alikuwa hoi kitandani kule Nyeri, akiapa kwamba hafi kabla ya kumwona wajina wake.

Pikapu yenyewe Hiram aliinunua kwa mzungu wa Muhoroni aliyefunga virago baada ya uhuru. Bodi ilikuwa nzima, lakini injini ya petroli ilikunywa kama mlevi aliyealikwa harusini. Mwaka huo wa sabini na nne petroli ilipanda mpaka tukaona biashara inatufia mikononi. Ndipo fundi wetu Harbhajan Singh akaing'oa ile injini na kutia ya dizeli. Alikata, akachomea, akasogeza rejeta mbele. Alipomaliza alituita tuje tusikie.

"Sikia hiyo, Mama," aliniambia akipangusa mikono. "Injini kijana kwa gari mzee. Sasa mtakula matunda."

"Na kuzima?"

"Funguo peke yake haizimi. Dizeli si petroli. Vuta hii waya, mafuta inakatika, injini inakufa."

Niliuliza injini imetoka wapi. Harbhajan akamtazama Hiram. Hiram akasema tumechelewa, akanifungulia mlango. Nilipaswa kujua hapo hapo, maana mume wangu hanifungulii mlango hata nikiwa nimebeba gunia.

Basi, tulikuwa tumeiacha Ahero nyuma, giza likianza kuingia kwenye mashamba ya mpunga, niliposikia...

Ko. Ko.

Juu ya paa la kebini. Vile abiria wa nyuma anavyogonga akitaka kushuka.

"Umebeba mtu?" nilimuuliza Hiram.

"Nimebeba mchele."

Gari likaanza kupunguza mwendo. Niliutazama mguu wake. Alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini injini ikalegea, ikakohoa, ikanyamaza. Tukasimama kando ya kijia kinachoingia kwenye boma la watu. Vyura wa Kano hawana adabu, hupiga kelele hata mbele ya msiba. Jioni ile walikuwa kimya.

Springi za nyuma zikalia. Gari likainuka kidogo, kama mtu mzito ameshuka.

Kisha harufu. Tope la ziwa, majani yaliyooza, samaki wa juzi... Ikapita dirishani polepole, ikaelekea kwenye kile kijia. Hiram hakuwa amegusa kitu chochote injini ilipowaka yenyewe.

Mtu na mumewe wakiogopa kitu kimoja, kila mmoja hungoja mwenzake akikane. Tulipokaribia Rabuor, ko, ko, tena. Injini ikazimika. Springi zikalia. Mtu akashuka, na hapakuwa na mtu. Pale Nyamasaria alishuka mwingine mzito, na baada yake mmoja mwepesi sana, kiasi kwamba gari halikuinuka ila kutikisika.

Hapo Hiram akavuta waya kwa nguvu zote. Injini ikaendelea. Akachomoa ufunguo, akautupa miguuni kwake. Injini ikaendelea.

"Usigeuke nyuma," alininong'oneza.

"Hiram, mtoto hachezi."

"Usigeuke, nimekwambia."

"Nani anazungumza habari za nyuma? Mtoto hachezi!"

Nilikuwa nimeweka mikono yote miwili tumboni. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Tumbo lilikuwa limetulia kama mtungi wa maji. Nilijua utulivu ule, nilikuwa nimeshaujua kila mimba, na nikaanza kulia kwa hasira.

"Hii injini ni ya boti," Hiram alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile iliyozama mwaka jana ikitoka Kendu na watu wa soko. Waliivuta juu, lakini watu hawakuonekana. Ndugu wa mwenye boti ndiye aliyetuuzia."

"Boti ya Zadock?"

Zadock alikuwa mtu wa injini katika boti ile, na alikuwa mtoto wa Mama Milka, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Mamboleo. Mkunga wangu! Mwanamke aliyekuwa akinipaka mafuta tumbo kila Jumamosi.

"Nawe ukanipakia humu na mimba hii?"

"Ni chuma, Bilha. Nilidhani ni chuma tu."

Nilimchukia mume wangu kuanzia pale mpaka Mamboleo, na sijui kama niliwahi kumaliza.

Langoni petu hakuna aliyegonga. Injini ilinyamaza yenyewe, taratibu, kama kazi imekwisha. Springi zikalia. Tukangoja harufu ipite, iende zake.

Haikupita.

Mlango wa upande wangu ukafunguka. Baridi ikaingia, ikanipanda magotini, ikafika mapajani... Tumbo likakaza. Halafu mtoto akapiga teke. Moja, zito, chini kabisa kwenye nyonga.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilishukuru. Mungu anisamehe, wakati ule nilishukuru tu.

Ndipo Mama Milka akatoka kwake mbio, miguu mitupu, koroboi mkononi.

"Wuoda! Wuoda obiro!" alipiga kelele. Mwanangu amekuja. Akalizunguka gari, akamulika nyuma, akamulika chini. "Sauti ya injini yake naijua hata nikilala. Yuko wapi? Bwana Hiram, umemleta, yuko wapi?"

Hiram alitazama chini. Mimi niliufunga mlango.

Kesho yake Harbhajan aliifungua injini, akatuonyesha bomba la dizeli lenye ufa. Hewa ikiingia humo, alisema, injini inazimika. Nikamuuliza na kugonga je, nako ni hewa? Akaliweka bomba chini.

"Kwa boti, mtu wa injini anakaa chini, haoni mbele," alisema. "Abiria akifika kwao anagonga mbao. Yeye anapunguza." Siku hiyo hiyo akaitoa, na hakutaka kutuambia ameipeleka wapi.

Nilijifungua mvulana, Mama Milka akimpokea. Alikuwa mzima, mzito. Lakini akaanza kulia, na hakuacha. Titi alilikataa. Hospitalini daktari alimpima, akasema hana ugonjwa, akaturudisha nyumbani. Hiram alimwita Kinyua, kwa upole na kwa kubembeleza, na kila akitajiwa jina hilo mtoto alijipinda kama ameunguzwa. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imebaki kama ya paka.

"Kwetu," Mama Milka alisema, "mtoto akilia hivi kuna mtu anataka jina. Tunawaita mmoja mmoja. Akinyamaza, ni huyo."

Hiram alikuwa mzee wa kanisa. Alisema huo ni ushetani. Kisha akamtazama mtoto, akakaa chini kwenye saruji, akafunika uso.

Mama Milka akampakata, akaanza kutaja wale wa boti. Taratibu, akimnong'oneza sikioni. Wanaume. Wanawake. Watoto wao. Mtoto analia tu. Mama Milka akafika mwisho, akanirudishia mtoto.

"Umebakisha mmoja," nilimwambia.

"Huyo hajafa."

"Mama..."

"Huyo yuko Jinja. Amepata kazi. Atakuja Krismasi." Alikuwa amekataa matanga mwaka mzima, amekataa hata kunyoa nywele. Kila jioni alimwekea Zadock chakula, akakifunika.

"Mama, mtoto wangu anakufa."

"Na wangu je, nyara?" Aliniita binti yake, kama siku zote, na macho yake yalikuwa yananiomba nisimlazimishe. "Nikimwita, na huyu anyamaze... wangu je?"

Nilimweka mtoto mapajani pake, na nikaivuta mikono yangu.

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama.

"Zadock," alisema.

Kimya.

Mtoto alifungua macho. Akamtazama usoni, halafu akageuza kichwa kutafuta titi. Mama Milka alinipa mwanangu anyonye, akanifunika vizuri na leso. Akatoka nje hadi langoni, akaweka mikono kichwani, na Mamboleo yote ikasikia kilio alichokuwa amekizuia tangu boti izame. Watu wakaanza kuja na viti.

Mzee Kinyua alikufa mwezi uliofuata. Hakupata wajina.

Zadock ni mtoto mzuri. Ananitii, ananichotea maji, na watu husema amefanana nami mdomo. Nampenda, wala siongopi. Lakini nikiwa peke yangu huweka mkono chini ya ubavu wa kushoto, pale alipokuwa akinipiga yule wa kwanza, yule niliyembeba hadi Ahero, na hujiuliza yeye alishukia wapi.