Tawi la Mcheri Lililokatwa Februari

Jumapili hiyo watu walikuwa wamejaa kando ya mfereji wa Kyoto hata Chizuru akalazimika kulibeba daftari lake la michoro kichwani ili lisikunjwe. Micheri ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, kama ifanyavyo wiki ya kwanza ya Aprili, na mji mzima ulikuwa umetoka nje: wachumba waliovaa kimono za kukodi, wazee wenye kamera, wafanyakazi wa ofisini waliotandika maturubai ya buluu na kupanga juu yake makasha ya chakula na chupa za sake, pombe ya mchele. Chizuru alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba. Alivaa sketi nyeusi na sweta la kijivu lenye madoa ya rangi kwenye kiwiko, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye usingizi haumpumzishi tena. Alisogea hadi chini ya mcheri uliokuwa mkongwe kuliko yote, ambao tawi lake moja nene lilikuwa limeinama mpaka likakaribia kugusa maji. Akafungua daftari, akasimama akilitazama tawi hilo bila kuchora chochote.

"Dada, hebu sogea kidogo. Unaukanyaga."

"Ninakanyaga nini?"

"Mti."

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ngumu ya kazi, suruali pana iliyobanwa vifundoni, na nyundo ya mbao mkononi.

"Mti uko juu, mimi niko chini," Chizuru alisema.

"Uko chini pia. Hapo uliposimama ndipo mizizi inapovutia pumzi."

"Na hawa wengine wote, wao wanaelea?"

"Hao nimeshawaambia. Wamenipa bia, wakaendelea kukaa. Wewe peke yako ndiye uliyenijibu."

Chizuru alisogea. Mwanamume akagonga shina kwa nyundo yake, akatega sikio, akagonga tena. Alikuwa Genta Kasai, daktari wa miti, aliyeajiriwa na mji kwa mkataba wa miaka miwili. Kwao kulikuwa Hirosaki, kaskazini kabisa, nchi ya matufaha na theluji, na lafudhi yake ilisikika kana kwamba midomo ilikuwa bado na baridi.

"Wewe ni mchoraji?"

"Nachora kimono."

"Sasa mbona huchori?"

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Katika karakana ya Mzee Okuda, Chizuru alichora maua juu ya hariri: kwanza mistari myembamba ya uji mzito wa mchele wa kuzuia rangi isisambae, iliyokamuliwa kutoka katika kifuko cha karatasi chenye ncha, kisha rangi kwa brashi. Petali tano, daima zile zile za kitabu cha ruwaza. Alikuwa amechora maua ya mcheri majira yote ya mwaka mpaka ua halisi likaanza kumtokea kama nakala mbaya ya lile la kitabuni. Hilo hakumwambia mtu. Siku ile alimwambia mgeni mwenye nyundo, pengine kwa sababu alikuwa amechoka mno kulificha.

Genta hakucheka. "Basi njoo mwezi wa sita," alisema. "Uone mti ukiwa na majani yaliyoliwa na viwavi. Hakuna kitabu kinachochora hayo."

Alikwenda mwezi wa sita. Alikwenda na wa saba, na joto la Kyoto liliposhika mji, walikaa wawili chini ya mti huo wakila tambi baridi, naye akachora viwavi.

Simu zikafuata.

"Daktari, umekula?"

"Nimekula wali na samaki wa chumvi. Na wewe, bibi wa hariri?"

"Mimi nimekula rangi."

"Ya buluu au nyekundu?"

"Genta!"

"Nauliza tu. Mgonjwa lazima aeleze alichokula."

Mwezi wa kumi Mzee Okuda alimwita karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba kama brashi zake, na hakuwa na desturi ya kusema maneno yasiyo na kazi.

"Macho yamechoka, na wavaa kimono wamepungua. Nitafunga Aprili ikiisha," alisema. "Imebaki hariri moja. Ni ya mama Hamuro, yule mjane. Anataka mcheri, basi, hana sharti jingine. Kitabu nimekifungia kabatini. Chora unachokijua."

Chizuru alirudi kwake. Hariri ya mwisho ya karakana, na pengine ya mwisho ya mkono wake! Ikiwa ingetoka na maua ya kitabuni, basi miaka kumi na tisa ingekuwa imempita bila yeye kuwapo. Alichagua tawi lile lililoinamia maji. Kila Jumapili ya vuli na ya baridi alilichora: gome lake, makovu yake, vichipukizi vilivyofumba kama ngumi za mtoto mchanga. Genta alisimama nyuma yake akishikilia chupa ya chai ya moto. Mkono wa Chizuru ulikuwa umeanza kutii kitu kingine kisichokuwa mazoea. Alichora shina lote juu ya hariri, akaacha katikati peupe, pakingojea tawi lichanue.

"Litakuwa zuri," alisema Jumapili moja ya Januari. "Siyo? Mbona kimya?"

"Chai inapoa," Genta alijibu.

Tarehe kumi na nne Februari simu ililia asubuhi.

"Chizuru, leo usije mferejini."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza jioni. Nakuomba, mpenzi."

Alikwenda, bila shaka. Tawi lilikuwa chini, limekatwa vipande vitatu, na vichipukizi vyake vilikuwa bado vimefumba. Kwenye shina palikuwa na kidonda cha mviringo, kipana kama sahani, kilichopakwa dawa nyeusi. Genta alishuka ngazi msumeno ukiwa mkononi.

"Lilioza ndani," alisema. "Kuvu ilikuwa imeingia. Ningeliacha hadi machipuko, lingefika kwenye shina, na mti wote ungekufa."

"Ulijua lini?"

Genta alivua kofia. "Oktoba."

"Oktoba." Chizuru alilitamka neno hilo polepole. "Nimekaa hapa miezi minne nikichora maiti, na wewe unanimiminia chai."

"Ulikuwa umeanza kuchora. Nilikuona ukicheka peke yako. Nikajiambia wiki moja zaidi, kisha nyingine. Nilikuwa mwoga, basi."

Laiti angenyamaza hapo! Lakini alitaka kuutetea msumeno, akaongeza: "Kwetu tunapogoa micheri kila mwaka kama mitufaha. Ndiyo maana yetu inaishi miaka mia na zaidi."

Huko Kyoto, mtu akataye mcheri kwa msumeno hutazamwa kama aliyempiga mzazi. Chizuru alifunga skafu yake vizuri.

"Hapa si shamba la matufaha, Bwana Kasai," alisema kwa adabu kamili. "Ahsante kwa kazi."

Jina hilo la ukoo, ambalo hakuwa amelitumia tangu mwezi wa sita, lilimchoma Genta kuliko tusi. Baba yake alikuwa amezeeka juu ya ngazi ya mitufaha. Alivaa kofia akarudi juu.

Alipiga simu jioni ile na kesho yake. Chizuru aliitazama ikimulika juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia brashi. Hasira yake haikuwa na nguvu hata ya kupiga kelele. Ilikuwa uchovu tu uliovaa nguo za hasira. Mwisho wa Machi ulikuja ujumbe mmoja: "Mkataba umekwisha. Narudi kwetu. Niliukagua mti jana, utapona. Samahani kwa Oktoba, siyo kwa Februari."

Aliusoma mara nyingi. Alichukia kwamba ulikuwa sawa.

Aprili ikafika na micheri ikachanua. Mzee Okuda aliiona hariri ikiwa na shina upande mmoja na weupe katikati, akasema bila kugeuka, "Kabati nimelifungua, ukikitaka kitabu." Chizuru aliona haya hata masikio yakawaka moto. Alichukua daftari akaenda mferejini katikati ya umati, maturubai na bia.

Mti ulisimama na pengo. Wapita njia waliutazama, wakasema, "Maskini," wakaenda kupiga picha mwingine. Chizuru alikaa ng'ambo ya mfereji tangu asubuhi mpaka mgongo ukamuuma. Saa saba hivi aliona kitu. Kando ya kidonda cheusi, pasipo na tawi wala kijiti, maua manne yalikuwa yametokeza moja kwa moja kwenye gome la shina. Yalikuwa madogo, yamepinda, na moja lilikuwa na petali iliyokunjika kwa kukosa nafasi. Hayakumpendeza. Aliendelea kuyatazama, kisha akagundua kwamba penseli yake ilikuwa ikienda kwa muda mrefu bila kumwomba ruhusa.

Alifanya kazi siku kumi na tisa. Juu ya hariri alichora kidonda chenyewe, kwa weusi ulioiva, na maua yale manne ubavuni mwake, na petali iliyokunjika. Weupe uliobaki aliuacha uwe anga. Alipomaliza, alikaa juu ya mkeka akashindwa kuinuka.

Mzee Okuda aliinamia hariri.

"Nani atavaa kidonda?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

Mzee akatoka nje kuvuta sigara. Alivuta mbili. Aliporudi, alivua miwani akaifuta.

"Usiiguse tena," alisema. "Mama Hamuro nitazungumza naye mimi. Amemzika mume, ataelewa. Asipoelewa, itabaki kwangu."

Chizuru alilia, ila si sana. Nguvu za kulia sana hakuwa nazo. Kisha akapiga simu.

"Haloo?" Nyuma ya sauti ya Genta palikuwa na upepo.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi. Chizuru? Ngoja nishuke, nisije nikafa kwa furaha."

"Maua ya kwenu bado yapo?"

"Yanaanguka. Ukija sasa utakuta yameisha."

"Mimi sijasema nakuja kuona maua."

"Basi njoo," Genta alisema.

Alikwenda baada ya karakana kufungwa. Alisafiri siku nzima kwa treni, akiwa amevaa koti lake jipya la kijivu na viatu vyepesi, akilala na kuamka, milima ikizidi kuwa na theluji kila alipofumbua macho. Hirosaki alikuta wenye vibanda wanakunja mahema yao. Watalii walikuwa wameondoka. Katika handaki la maji linaloizunguka ngome ya kale, petali zilizoanguka zilikuwa zimefunika maji yote kama zulia, na kingo zake zilikwisha kugeuka rangi ya chai.

Genta na wazee wawili wa kazi walikuwa wakichimba mashimo kuzunguka micheri na kuyajaza mbolea. Harufu ilifika mbali. Genta alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota vibaya.

"Mnafanya nini?"

"Mbolea ya shukrani," alisema akijifuta mikono. "Mti ukimaliza kuchanua huwa hoi, umetoa vyote. Watu wote wameondoka. Ndipo sisi tunaulisha."

Chizuru alitaka kusema jambo alilolitunga kwenye treni, lakini lilimtoka kichwani.

"Na mimi niko hoi, Genta."

"Naona."

"Nilikutukania kwenu. Nisamehe. Lakini sitaki kulindwa. Ukiona kuoza popote, kwangu au kwako, niambie siku hiyo hiyo. Kama huwezi, nitarudi na treni ya saa tisa."

Genta alichomeka jembe ardhini. Alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kujitosa kwenye maji ya baridi.

"Haya. Nimesaini miaka mitano hapa. Kyoto waliniita, nimekataa."

"Endelea."

"Theluji inafika dirishani. Nyumba yangu inavuja. Mama anasema watu wa Kyoto hutabasamu huku wanakung'ata."

"Hajakosea. Endelea."

"Ule mti wa mferejini utapona, lakini hauna zaidi ya miaka kumi na mitano." Akalichomoa jembe. "Na nataka kukuoa. Pete sina."

Chizuru alimkazia macho. "Hiyo nayo umeitia kwenye orodha ya habari mbaya?"

"Nimezipanga kwa jinsi zinavyonitisha."

Mmoja wa wale wazee aliacha kuchimba, akajifanya anakagua mpini wa jembe lake. Chizuru aliwaza baridi, paa linalovuja, mama mkali, mkono wake usio na kazi wala karakana. Alitafuta ndani yake ile njia ya kistaarabu ya Kyoto, ya kujibu bila kujibu, akaikuta imechoka kama yeye.

"Ndiyo," alisema.

Genta hakusogea, kana kwamba upepo ulikuwa umelipeperusha neno.

"Nimesema ndiyo! Nitakuwa mkeo. Huna masikio?"

Yule mzee akavua kofia yake. Na Chizuru akakaa juu ya gunia la mbolea, yeye na koti lake jipya.